Koplo na kapteni wametoka tumbo moja

Baba yangu alistaafu jeshini akiwa koplo. Naanza na hilo maana ndo lililonifanya nianze kufuatilia maneno, ingawa wakati ule sikujua kama kuna kitu naanza. Pale mtaani kwetu Morogoro walikuwa wanamwita Koplo tu, mpaka watoto, "shikamoo Koplo", na yeye anaitikia marahaba bila shida yoyote. Sasa siku moja jirani mmoja waliyekuwa wanagombania naye mpaka wa kiwanja akamwambia mbele za watu, wewe miaka yote hiyo jeshini umetoka koplo, wenzako wametoka makapteni, sasa hapa unamtisha nani. Baba hakujibu kitu, akaingia ndani. Mimi nilikuwa darasa la sita na ile kauli nadhani ilinichoma kuliko ilivyomchoma yeye.

Nikafaulu kwenda seminari, na kule kidato cha kwanza tukaanza Kilatini. Kwa ambao hawajapita huko, Kilatini siku za mwanzo ni kukariri tu, rosa rosae, mensa mensae, unakariri unaoga, unakariri unafagia uwanja, wenzangu wengi walikuwa wanakiona mzigo. Mwalimu wetu alikuwa padri mzee, mpole, mwenye kamusi moja iliyofungwa kwa gundi na kitambaa, na alikuwa na tabia ya kuacha somo katikati akafuatilia neno moja mpaka kengele inalia. Siku tumefika caput, yaani kichwa, akasema kutoka hapo Kilatini cha baadaye kikapata capitaneus, mtu aliye kichwa cha wenzake, na hilo ndo limezunguka Ufaransa na Uingereza likatufikia sisi kama kapteni. Halafu akaendelea kama kitu cha kawaida tu, kwamba Waitaliano wao caput waliifanya capo, wakapata caporale, mkubwa wa kikundi kidogo cha askari, na hilo ndo koplo. Huko njiani Wafaransa likawachanganya na neno lao la mwili, corps, ndo maana Waingereza wanaliandika corporal, ila mzizi wake ni kichwa.

Mimi pale nilikuwa nimeshaacha kuandika. Namuwaza baba.

Likizo ya Desemba nimefika nyumbani jioni, nimemkuta anatengeneza baiskeli. Shikamoo baba, marahaba, za masomo, nzuri, hata begi sijashusha nikamwambia baba, koplo na kapteni ni neno moja, yametoka tumbo moja, yote maana yake kichwa. Akaniangalia. Akasema, hebu rudia. Nikarudia na ile ya Waitaliano yote. Akafuta mikono na kitambaa akasema, nenda kamwambie na mama yako.

Tangu siku hiyo ikawa ndo mazungumzo yetu. Yeye ananipa cheo, mimi nakitafutia mzazi wake. Sajenti kumbe ni serviens, anayetumikia, mtumishi kabisa, ndugu yake servus ambaye ni mtumwa. Kanali ni columna, nguzo, Waitaliano wakasema colonnello, mkuu wa ile safu iliyonyooka kama nguzo. Meja ni maior, mkubwa zaidi, basi. Private, yule wa chini kabisa, ni privatus, na hili lilitushangaza wote wawili maana kwa Warumi privatus ni mtu asiye na cheo chochote cha umma, raia wa kawaida tu, leo mtu anavaa gwanda na bado kwa jina ni raia. Luteni ni maneno mawili, locum tenens, anayeshika nafasi, yaani yupo pale kwa niaba ya mkubwa wake. Na hapa kuna kitu nakipenda sana, sisi kwenye Kiswahili tunalo kaimu, limetoka Kiarabu, qaim maqam, anayesimama mahali pa mwingine. Kilatini na Kiarabu vimekutana kwenye wazo lilelile, huyu kashika, yule kasimama, na mwenye nafasi yake hayupo.

Afande nililitafuta kwenye Kilatini nikalikosa. Ni efendi ya Waturuki, na wao walilitoa kwa Wagiriki, likaja huku na jeshi.

Siku nyingine baba akaniuliza swali ambalo alisema amekaa nalo miaka yote. Meja ni mkubwa kuliko luteni, sawa, sasa mbona meja jenerali yuko chini ya luteni jenerali? Kila mwaka anapiga saluti, kila mwaka anajiuliza, na hakuna wa kumuuliza maana jeshini swali kama hilo unaliuliza kwa nani. Mimi sikujua. Nikarudi nalo seminari na padri akacheka kwa furaha kabisa, akasema baba yako ni mtu wa kufikiri. Jibu lake ni kwamba zamani katika jeshi la Uingereza cheo kile kilikuwa kirefu, sajenti meja jenerali. Kwa hiyo ukiangalia ngazi ya juu ni kapteni jenerali, chini yake luteni jenerali, chini yake sajenti meja jenerali, imekaa sawasawa kabisa kama ngazi ya chini, ila baadaye lile neno sajenti likadondoka, ikabaki meja jenerali imesimama peke yake na watu wakaanza kushangaa. Nilimwandikia baba barua. Barua ile mama anasema aliikunja akaiweka kwenye ile bahasha ya vyeti vyake.

Sasa nisije nikaonekana nilikuwa najua kila kitu, hapana, nilikosea, na kukosea ndo kulinifundisha kazi yenyewe inavyofanyika.

Kosa la kwanza ni chumvi. Kidato cha tatu kulikuwa na siku ya taaluma, nikasimama mbele ya shule nzima nikasema askari wa Kirumi walikuwa wanalipwa chumvi, ndo maana Waingereza mshahara wanauita salary, jina lenye chumvi ndani yake. Nikapigiwa makofi sana. Baadaye padri akaniita pembeni, akaniuliza swali moja, nani aliyekuwepo aliyesema hivyo? Nikasema nimesoma kwenye kitabu. Akasema, kitabu cha juzi, mimi nauliza aliyekuwepo. Na kweli hakuna. Neno salarium limetokana na sal, chumvi, hilo halina ubishi, na Plinius Mzee, yule mwandishi wa Kirumi aliyekufa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, anaigusa chumvi na malipo ya askari kwa sentensi fupi tu, lakini hakuna mwandishi wa zamani anayesema askari alisimama kwenye foleni akapewa mfuko wa chumvi. Walilipwa hela. Stipendium, ndo lilikuwa neno lao, na wakati wa Kaizari Augusto mwanajeshi wa kawaida wa legioni, kile kikosi kikubwa cha Kirumi, alikuwa anapata denari 225 kwa mwaka, zinatolewa kwa awamu tatu. Na hiyo denari ndo dinari unayoisikia mpaka leo Kuwait na Iraki.

Halafu akanionyesha kitu ambacho kwangu kilikuwa kizuri kuliko hadithi ya chumvi. Pale Masada, ile ngome ya jangwani kando ya Bahari ya Chumvi, walichimbua kipande cha mafunjo ambacho ni karatasi ya mshahara ya askari mmoja, Gaius Messius, mtu wa Beirut, miaka ya 70 baada ya Kristo. Amepokea denari 50. Chini yake yamefuata makato, shayiri ya mnyama, chakula, viatu, kamba za ngozi, kanzu ya kitani, ukijumlisha unapata 50. Ametoka bila kitu. Baba niliposimulia hiyo akanyamaza kidogo akasema, huyo kijana wa Beirut namfahamu.

Kosa la pili ni askari. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba askari limetoka kwenye exercitus, jeshi kwa Kilatini, neno linalotokana na kufanya mazoezi, maana ukiyasema haraka haraka yanafanana, nikajaza kurasa mbili. Padri akasoma akaandika chini, nionyeshe njia lilikopita. Yaani neno halirukiruki kama panzi, linatembea kwa miguu, linalala vituoni, na kila kituo lazima kiwe na mtu aliyeliandika au kulitamka. Askari limetoka Kiarabu, askar, na kamusi nyingi zinaelekeza nyuma zaidi kwa Waajemi, lashkar, ile l ya mwanzo ikachukuliwa kama ni ya al ya Kiarabu ikaachwa. Kurasa zangu mbili zikaishia hapo. Mpaka leo mtu akiniletea maneno mawili yanayofanana namuuliza lile swali la padri, limepitia wapi. Kufanana tu hakutoshi.

Sasa niseme ya bibi, maana hii ndo iliyonigusa kuliko zote.

Bibi mzaa baba hakubatizwa. Alikuwa anakaa juu huko milimani Uluguru, analima, anafuata mila zake, watoto aliwaruhusu wabatizwe wote ila yeye alikataa na hakuwa na maelezo marefu. Katekista wa kigango chetu alikuwa akimtaja anasema yule mpagani. Hakuwa anamtukana kwa hasira, alikuwa anasema kama anavyotaja kabila la mtu, na hiyo ndo ilikuwa mbaya zaidi, maana mimi mtoto nilikua najua bibi yangu ana kitu fulani kichafu ambacho sisi wengine hatuna. Nikienda kwake nakula maboga yake na ugali wake na nampenda, ila moyoni kuna aibu.

Kwenye Kilatini nikakutana na paganus. Pagus ni eneo la vijijini, paganus ni mtu wa huko, mtu wa kijijini. Hilo la kwanza. Halafu katika karne ya 1 askari wakaanza kulitumia kwa maana yao, kwamba paganus ni yeyote asiye mwanajeshi, raia, Tacitus, mwandishi wa historia wa Kirumi, analitumia hivyo kabisa, kama wanajeshi wa kwetu wanavyosema raia kwa ile sauti yao. Sasa Wakristo wa Kilatini nao walipenda sana lugha ya jeshi, wanajiita askari wa Kristo, na aliye nje ya jeshi lao akawa paganus. Wapo wasomi wanaoshikilia hiyo ya raia na wapo wanaosema hapana, ni kwa sababu watu wa vijijini ndo walichelewa kubatizwa, padri alitupa zote mbili.

Na upande wa pili kuna sakramenti. Sisi tumekariri sakramenti saba tangu komunyo ya kwanza, lakini sacramentum kwa Warumi ilikuwa kiapo cha askari anapoingia jeshini. Walikuwa wanamchagua mmoja anakisema kiapo chote neno kwa neno, halafu wengine wanapita mmoja mmoja wanasema idem in me, na mimi vivyo hivyo. Na kila mwaka wanakirudia. Tertuliano, mwandishi wa Kikristo ambaye ni mtu wa Afrika hii hii, wa Karthago kwenye Tunisia ya leo, mnamo mwaka 200 anawaambia Wakristo waliofungwa gerezani kwamba siku mlipojibu maneno ya kile kiapo mliitwa kwenye jeshi la Mungu aliye hai. Kwake kubatizwa ni kula kiapo. Kwa hiyo ukirudi kwa bibi yangu, mpagani ukilivua yote yaliyolibandikia ni mtu wa kijijini ambaye hajala kiapo cha jeshi. Uchafu haumo, nililigeuza kila upande sikuuona.

Nilipanda mlima kwenda kumwambia. Nikamwambia bibi, lile neno wanalokuita, asili yake ni mtu wa kijijini. Akasema, sasa mimi si mtu wa kijijini? Na yeye huyo anayeniita hivyo anakaa wapi? Akaendelea kumenya maharage. Yeye hakuwa na tatizo lolote na hilo neno, mwenye tatizo nilikuwa mimi, na siku ile lilinitoka. Alifariki mwaka niliomaliza kidato cha nne, hajabatizwa, na nilipomzika sikuwa na aibu hata chembe.

Pale seminari tulikuwa na Biblia zenye tafsiri tofauti, na ukisoma na jicho hili utaona jeshi la Roma limejaa humo. Kwenye ile ya zamani ya Union yule ofisa wa Kafarnaumu ambaye mtumishi wake anaumwa ameitwa akida. Watu wa pwani na wa kusini wanajua akida alikuwa nani wakati wa Mjerumani, mtu wa kukusanya kodi na kusimamia watu mashambani, hivyo mtafsiri aliyeweka lile neno aliwapa wasomaji picha kali sana. Kwa Kilatini ni centurio, mkuu wa centuria, ambalo lina mia ndani yake, ila kikosi chenyewe kwa kawaida kilikuwa na watu 80. Legioni lenyewe ni kutoka legere, kuchagua, wale waliochaguliwa, watu kama 5,000 hivi, kwa hiyo yule mwenye pepo akisema jina langu ni Legioni msikilizaji wa siku zile alisikia vishindo vya viatu.

Nikaacha seminari baada ya kidato cha sita, wito haukuwa wangu. Nikaenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kule hakuna anayekuuliza Kilatini, ila mimi kila siku nakisikia. Sisi wapya tunaitwa kuruta, na kuruta ni neno la Kifaransa lililopitia kwa Mwingereza, mzizi wake recrescere, kuota tena, yaani jeshi limekatwa linachipua upya. Tumenyolewa vipara wote tunaitwa waliochipua. Tukagawanywa kwenye kombania, na kombania ni com na panis, pamoja na mkate, watu wanaokula mkate mmoja. Kampuni ni neno hilohilo, limeingia tu kwa mlango mwingine. Niseme ukweli neno hilo nililielewa kwa tumbo kabla ya kichwa, maana baada ya wiki tatu za kukimbia alfajiri na kula kwenye sinia moja na watu ambao hujui kwao wapi, mtu akiumwa unamfichia chakula chake bila kuambiwa. Kambi nayo ni campus, uwanja, Roma walikuwa na uwanja wa Mars, mungu wao wa vita, ambako vijana walifanyia mazoezi ya vita, na watoto wa campus ni wengi, kampasi ya chuo, kampeni ya uchaguzi, maana kampeni ilikuwa ni ule msimu jeshi linatoka kwenda uwandani.

Sasa hivi nauza vitenge Kariakoo, mwaka wa nane. Watu wanashangaa Kilatini kimenisaidia nini, mimi nasema kimenisaidia kusikiliza. Kwa mfano wateja wangu wengi ni wakina mama wa Kongo, wa Lubumbashi na Bukavu, wanachukua mzigo wa jumla. Wao askari wa jeshi hawasemi askari, wanasema soda, basoda. Mama mmoja alikuwa ananieleza barabara ilivyo, wapi kuna basoda wapi hakuna, na mimi nasikia solidus, ile sarafu ya dhahabu aliyoianzisha Kaizari Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4. Solidus ikawa soldo kwa Waitaliano, anayelipwa soldo akawa soldato, Wafaransa soldat, Wabelgiji wakaja nalo Kongo, na mama yangu yule anasema basoda bila kujua kwamba jina lenyewe linasema mtu wa kulipwa. Nilimwambia. Akasema, na wasipolipwa basi wanakuwa nani? Swali hilo sina jibu lake, na kwa kule anakotoka sio swali la mchezo.

Jirani yangu wa duka ni ustadhi anauza kanzu na kofia, na ni Man U wa kufa. Siku moja tunabishana mpira nikamwambia ile chester ya Manchester ni castra, kambi ya jeshi la Kirumi, pale palikuwa na ngome, na Leicester hivyohivyo, Doncaster, Lancaster, kote huko Waingereza wa kale walikuta kuta za Warumi wakaziita hivyo. Na Newcastle ni mtoto wa hilohilo, castellum, ngome ndogo. Halafu nikamwambia, na kasri yetu ni ndugu yao. Kasri limetoka Kiarabu, qasr, Waarabu walilipata kupitia Kiaramu na Kigiriki, kastron, na Wagiriki kutoka castrum. Hapa njia ipo, kituo kwa kituo, sio kama ile ya askari yangu. Waarabu wakaingia nalo Hispania, Wahispania wakasema alcázar, kwa hiyo limetoka kwa watu wa Kilatini likaenda kwa Waarabu likarudi tena na al mbele.

Ustadhi akaniambia na mimi nikupe moja. Ile sirati, ihdinas siratal mustaqim, yaani tuongoze njia iliyonyooka, ya kwenye Fatiha, Imam as-Suyuti, mwanachuoni mkubwa wa Misri wa karne ya 15, aliorodhesha maneno yaliyoingia Kiarabu kutoka nje, na sirati akanukuu waliosema ni njia kwa lugha ya Rum, yaani ya Warumi. Nikabaki mdomo wazi maana Kilatini chake nakijua, strata, barabara iliyotandikwa mawe, na waliokuwa wanatandika zile barabara wengi wao ni askari wa legioni. Yeye kaijua upande wake, mimi upande wangu, tumekutana hapo katikati ya vitenge na kanzu. Na kwa shabiki wa Arsenal aliyekuwa anasikiliza akaona ametengwa, yake imetoka upande wa pili kabisa, ni Kiarabu, dar as-sinaa, nyumba ya kazi za mikono, Waveneti wakalichukua kuwa karakana ya meli na silaha. Ile dar ndo hii dar ya Dar es Salaam.

Kuna neno moja ambalo nililikwepa muda mrefu, koloni. Sote tunajua mkoloni ni nani. Lakini colonus ni mkulima, kutoka colere, kulima, na colonia ya Warumi mara nyingi ilikuwa ni mahali wanapopewa mashamba askari waliomaliza muda wao, ambao wanaitwa veterani, wazee, au emeriti, waliotumikia wakamaliza, mji wa Mérida kule Hispania umepewa jina la hao. Vizuri kusikia, mstaafu kapewa shamba. Ila shamba la nani? Mwaka 49 waliweka koloni Camulodunum, ndo Colchester ya leo, Uingereza, na Tacitus anasema wale wastaafu waliwafukuza wenyeji kwenye nyumba na mashamba yao wakawa wanawaita mateka na watumwa. Kama miaka kumi na moja baadaye Boudica, malkia wa wenyeji, akauchoma ule mji wote. Nilisoma hiyo mara tatu. Kisiwa kilichofanyiwa hivyo ndo hicho hicho kilichokuja kutuletea sisi lile neno na kile kitendo, na hakuna hata siku moja darasani historia mtu aliniambia kwamba ukoloni kisiwa chao chenyewe kiliwahi kuuonja.

Mwaka jana baba alikuja Dar kutibiwa macho. Alipopata nafuu nikampeleka Posta kuona Sanamu ya Askari pale Samora, alikuwa anaipita miaka yote akiwa kazini ila hajawahi kusimama. Imewekwa 1927, singe ya bunduki imeelekea bandarini. Akawa anasoma yale maandishi ya Kiswahili taratibu kwa sauti, anafuatisha na kidole kwa mbali, na alipofika pale panapotajwa wapagazi kwamba ndo walikuwa miguu na mikono ya jeshi akasimama. Akarudia. Halafu akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia, kwamba babu yake yeye alichukuliwa mwaka ule Waingereza walipoingia Morogoro, 1916, kubeba mahindi na masanduku ya risasi, na hakurudi.

Nikamwambia baba, Warumi mizigo ya jeshi waliiita impedimenta, neno lenye mguu ndani yake, vitu vinavyozuia mguu kwenda. Na Kariakoo ninakouza mimi ni kile kikosi chenyewe cha wapagazi, Kariakoo Mwingereza alisema Carrier Corps, walipigishwa kambi pale baada ya mji kutekwa, watu wakalitamka walivyolisikia, Nairobi nao wana Kariokor yao. Carrier imetoka carrus, gari la mizigo la Wagaulo, watu wa kale wa Ufaransa, ambalo Warumi waliliiga pamoja na jina lake, na corps ni corpus, mwili. Gari letu sisi lisikuchanganye baba, hilo ni la Kihindi. Ila hao watu wamefanywa magari, wakaitwa mwili, na hapa jiwe linawaita miguu na mikono. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa, sio kwa risasi.

Yale maandishi mwishoni yanasema watoto watayakumbuka majina yao. Nikamuuliza, aliitwa nani babu yako? Akalitaja. Nikatoa kile kitabu cha risiti mfukoni nikaliandika nyuma, akaniangalia ninavyoandika, akanisahihisha herufi moja.

Halafu akauliza, sasa huyu hapa ni askari, ana bunduki, mpagazi yuko wapi? Nikamwambia Nairobi wamesimama watatu na mmoja wao ni mpagazi. Akasema, na hapa? Nikasema hapa hakuna baba, hapa kuna Kariakoo tu. Akachukua fimbo yake akasema basi twende huko, na hilo duka lako sijaliona. Tukapanda bajaji.